Wazabuni hewa: kibarua kigumu cha muuzaji katika mnada wa mtandaoni

Mwezi Septemba mwaka 2007 nchi ya Ubelgiji iliwekwa mnadani. Mwandishi habari mmoja wa zamani, aliyechoshwa na wanasiasa walioshindwa kuunda serikali tangu uchaguzi wa mwezi Juni, aliitangaza nchi yake katika tovuti ya minada ya eBay kwa bei ya kuanzia ya euro 1. Kabla ya wenye tovuti kuliondoa tangazo hilo, dau lilikuwa limekwishafika euro milioni 10.

Hakuna aliyetarajia kwamba fedha hizo zingelipwa. Ulikuwa mzaha wa kisiasa, na walioweka dau waliingia katika mzaha huo kwa moyo mkunjufu. Lakini kwa mtu anayeuza kamera yake iliyotumika, stempu za kale za Zanzibar au gari lililochoka, mzaha wa namna hiyo si kitu cha kuchekesha. Katika mnada wa mtandaoni kutaja bei hakugharimu chochote. Mtu asiyejulikana sura wala makazi hubonyeza kitufe mara moja, akawashinda wote waliokuwa na nia ya kweli, kisha akatoweka.

Waswahili husema ahadi ni deni. Kwa kanuni za eBay, mzabuni anayeshinda mnada huhesabiwa kuwa amejifunga kununua. Deni lipo kwa maandishi. Kazi ni kulidai.

Sura haionekani

Katika mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, au Darajani mjini Unguja, mnadi husimama mbele ya watu anaowajua. Anayepandisha bei kisha akageuka na kuondoka huonekana na wote, na akirudi kesho yake hapewi tena sikio. Aibu ndiyo dhamana.

Mtandaoni dhamana hiyo haipo, na jambo hili lilionekana tangu mwanzo. Pierre Omidyar aliianzisha eBay huko San Jose, California, mwezi Septemba mwaka 1995, wakati huo ikiitwa AuctionWeb. Kitu kinachotajwa kuwa cha kwanza kuuzwa hapo ni kalamu ya mwanga wa leza iliyokuwa imeharibika, nayo ilipata dola 14 na senti 83. Inasimuliwa kwamba Omidyar alimwandikia mnunuzi kumwuliza iwapo ameelewa kwamba kifaa hicho hakifanyi kazi. Jibu lilikuwa kwamba yeye hukusanya kalamu mbovu za aina hiyo.

Mwezi Februari mwaka 1996 Omidyar alianzisha utaratibu wa mnunuzi na muuzaji kupeana alama baada ya biashara: nzuri, ya wastani au mbaya, pamoja na maneno machache ya maelezo. Nia ilikuwa kuirudisha ile aibu ya sokoni. Mwenye alama mbaya nyingi angetambulikana kabla hajaweka dau.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kuonana ana kwa ana kunatosha. Mwezi Februari mwaka 2009, nyumba ya minada ya Christie's ilipouza mjini Paris mkusanyiko wa sanaa wa mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent, vichwa viwili vya shaba vya sungura na panya, vilivyoporwa Uchina katika karne ya 19, vilipigiwa nyundo kwa euro milioni 14 kila kimoja, kabla ya ada. Mshindi, Cai Mingchao, aliyeweka dau kwa simu, alitangaza siku chache baadaye kwamba hatalipa. Alisema alitimiza wajibu wake kwa nchi yake. Vichwa hivyo havikuwafikia Wachina kwa njia ya mnada. Vilirudishwa mwaka 2013 kama zawadi ya tajiri wa Kifaransa, François Pinault. Ikiwa nyumba yenye mawakili na uzoefu wa zaidi ya karne mbili yaweza kukimbiwa hivyo, muuzaji wa sebuleni hana budi kujiandaa.

Si wote ni matapeli

Kabla ya kutafuta dawa ni vyema kuujua ugonjwa, na hapa wauzaji wengi hukosea kwa kuwaweka wote katika kapu moja. Wengi wa wasiolipa si wezi. Yumo aliyeweka dau katika kamera tano zinazofanana akitaka moja tu, akajikuta ameshinda tatu. Yumo aliyesahau kusoma gharama za posta, na mtoto aliyeikuta kompyuta ya baba yake ikiwa wazi. Yumo pia yule aliyeshikwa na joto la dakika za mwisho, akapanda bei kwa hamaki, na asubuhi akajuta. Watu hawa wanahitaji kukumbushwa kwa lugha ya upole, na mara nyingi ujumbe mmoja wa heshima hutosha kuleta malipo au ombi la kuvunja mauzo.

Kundi la pili ni la wale wanaokuja kwa hila. Hila ya kale kabisa huhitaji majina matatu ya watumiaji, ambayo yaweza kuwa ya mtu mmoja. Tuseme kamera yenye thamani ya pauni 300 imewekwa mnadani. Jina la kwanza linaweka pauni 20. Jina la pili linaruka hadi pauni 800, na la tatu pauni 850. Kwa kuwa mashine ya mnada humpandishia kila mzabuni bei hadi kikomo alichokitaja mwenyewe, bei inayoonekana sasa imepita pauni 800, na wanunuzi wa kweli wanaondoka wakitikisa vichwa. Karibu na mwisho, majina mawili ya juu yanaondoa madau yao. Bei inaporomoka, na kamera inachukuliwa kwa pauni 20.

eBay iliubana mwanya huo kwa kuweka masharti ya kuondoa dau. Mzabuni anatakiwa awe na sababu, kama vile kukosea tarakimu au maelezo ya bidhaa kubadilika. Zikiwa zimebaki saa zisizofika 12 mnada kufungwa, anaweza kuondoa tu dau aliloliweka katika saa moja iliyotangulia. Ukurasa wa historia ya madau nao humwonyesha muuzaji ni mara ngapi mzabuni huyo ameondoa dau katika siku 30 zilizopita. Muuzaji makini huusoma ukurasa huo wakati mnada ungali hai, maana yeye pia ana haki ya kufuta dau analolitilia shaka. Akingoja nyundo ipigwe, haki hiyo imekwisha.

Silaha iliyonyang'anywa

Kwa miaka 12 silaha kubwa ya muuzaji ilikuwa zile alama. Asiyelipa alipewa alama mbaya, na wauzaji wengine wakamwona. Lakini silaha hiyo ilikuwa na makali pande mbili. Wauzaji wengi walikataa kutoa alama hadi mnunuzi atangulie kutoa yake. Mnunuzi aliyelalamika kwa haki aliweza kulipizwa kisasi. Matokeo yake watu walisifiana tu. Paul Resnick wa Chuo Kikuu cha Michigan na Richard Zeckhauser wa Harvard walizichunguza alama zilizotolewa eBay mwaka 1999, wakakuta kwamba asilimia 99.1 ya alama ambazo wanunuzi waliwapa wauzaji zilikuwa nzuri. Soko lenye uaminifu wa kiasi hicho halijapata kuonekana popote chini ya jua.

Mwezi Mei mwaka 2008 eBay ilibadili kanuni: tangu hapo muuzaji hawezi kumpa mnunuzi alama mbaya wala ya wastani. Anaweza kumpa nzuri, au asimpe kabisa. Hata kutoa alama nzuri yenye maneno ya kebehi kumekatazwa. Wauzaji walighadhibika, na baadhi yao waligoma kuweka bidhaa kwa wiki moja mwezi Februari mwaka huo, mara tu mpango ulipotangazwa. Kanuni haikurudishwa nyuma, nayo inatumika hadi leo.

Hapa ndipo hali ilipogeuka. Muuzaji aliyekuwa akimhukumu mnunuzi mbaya baada ya kosa alibaki na njia moja kubwa, yaani kumzuia asiingie. Ulinzi wote ulihamia mlangoni.

Baada ya nyundo

Mshindi asipolipa, utaratibu wa sasa ni mfupi kuliko ule wa miaka ya 2000, uliokuwa wa kuandikiana na kungoja. Mnunuzi hupewa siku 4. Zikipita, muuzaji anaweza kuyafuta mauzo kwa sababu ya kutolipwa, naye ana hadi siku 30 kufanya hivyo. Muhimu ni kuitaja sababu hiyo hiyo. Wapo wauzaji ambao, kwa uungwana au kwa kuombwa na mnunuzi, huandika kwamba mnunuzi ameghairi. Wakifanya hivyo kosa haliandikwi katika hesabu ya mnunuzi, na muuzaji atakayemfuata hataonywa na mtu. Huu ni uungwana ambao gharama yake hulipwa na mwingine.

Bidhaa yenyewe inabaki mkononi. Muuzaji anaweza kuinadi upya, au kumpa mzabuni wa pili nafasi ya kuinunua kwa kiwango cha juu alichokuwa amekitaja. Njia hii ya nafasi ya pili inaonekana rahisi, lakini ina mtego ambao haumo katika kanuni zilizoandikwa. Mzabuni wa pili hujiuliza: yule aliyenishinda kaenda wapi? Je, hakuwa muuzaji mwenyewe aliyevaa jina la bandia ili anipandishie bei? Shaka hiyo si ya kijinga. Mzabuni hewa hamwachii muuzaji hasara ya muda peke yake. Humwacha akifanana na mlaghai.

Na ulaghai huo upo. Mwaka 2010 mahakama ya Bradford, Uingereza, ilimtoza muuzaji mmoja faini ya pauni 5,000 na kumpa saa 250 za kazi ya kuhudumia jamii, kwa kuweka madau katika bidhaa zake mwenyewe. Nchini Ujerumani, kesi iliyoamuliwa na mahakama kuu ya rufaa ya shirikisho tarehe 24 Agosti 2016 iliwaacha wengi midomo wazi. Mtu aliweka gari aina ya Volkswagen Golf kwa bei ya kuanzia ya euro 1, kisha akatumia jina la pili kushindana na mzabuni wa kweli hadi bei ikafika euro 17,000. Mahakama iliyafuta madau yote ya bandia katika hesabu. Kwa kuwa mzabuni mwingine wa kweli alikuwa ameweka euro 1 tu, majaji waliona kwamba gari lilikuwa limeuzwa kwa euro 1 na senti 50. Gari lenyewe lilikuwa limekwishauzwa kwa mtu mwingine, hivyo mlalamikaji akastahili fidia ya takriban euro 16,500.

Kwa hiyo muuzaji anayetaka kutoa nafasi ya pili hana budi kutanguliza maelezo: aseme wazi kwamba mshindi hakulipa na kwamba mauzo yamefutwa rasmi. Akiona madau ya yule aliyetoweka ndiyo yaliyoisukuma bei yote juu, ni heri kuinadi bidhaa upya kuliko kumtaka mtu wa pili alipe bei iliyopandishwa na mzimu. Na ofa hiyo ipitie ndani ya tovuti peke yake, kwa sababu baruapepe za bandia zinazodai kutoa nafasi ya pili ni ujanja wa siku nyingi wa matapeli.

Anayelipa kupita kiasi

Asiyelipa humpotezea muuzaji siku kadhaa. Hatari zaidi ni yule anayelipa kwa haraka na kwa wingi. Barua yake hufanana kila mara: amependa bidhaa, hakuuliza chochote kuhusu hali yake, atatuma hundi yenye kiasi kinachozidi bei, na anaomba ziada atumiwe wakala wake wa usafirishaji kwa njia ya kutuma fedha taslimu. Benki za Marekani hulazimika kisheria kumruhusu mteja kutoa fedha za hundi katika muda mfupi, ilhali kugundua kwamba hundi ni ya kughushi kwaweza kuchukua wiki kadhaa. Muuzaji huona fedha katika akaunti, hutuma ziada, hutuma na bidhaa. Hundi inaporudi, deni lote ni lake.

Kadi nazo zina mlango wa nyuma. Mwenye kadi anaweza kuiambia benki yake kwamba hakufanya malipo hayo, au kwamba mzigo haukufika, na mara nyingi muda wa kulalamika hufika siku 120. Muuzaji asiye na uthibitisho wa posta hana la kujibu. Ndiyo maana namba ya kufuatilia mzigo ni lazima, na kwa bidhaa za dola 750 au zaidi eBay humtaka awe na saini ya aliyepokea. Mnunuzi anayelipa mtandaoni kisha akaja mwenyewe kuchukua bidhaa mlangoni anastahili tahadhari ya aina hiyo hiyo: bila rekodi ya makabidhiano, anaweza kesho kudai kwamba hakupokea kitu. Kwa biashara ya mkono kwa mkono, fedha taslimu bado zina heshima yake.

Milango inayofungwa

Hayo yote yamewafanya wauzaji wapende kinga kuliko tiba. Wengine wameuacha mnada kabisa na kuuza kwa bei iliyotajwa, wakidai malipo papo hapo. Kitufe cha kununua mara moja kiliingia eBay mwaka 2000, na leo sehemu kubwa ya biashara ya tovuti hiyo hupita huko. Katika minada iliyobaki, mzabuni anaweza kutakiwa asajili kwanza njia ya malipo, ili fedha zikatwe mnada unapofungwa. Muuzaji anaweza pia kuweka orodha ya majina ambayo hayaruhusiwi kugusa bidhaa zake, kuwazuia waliowahi kukutwa na makosa ya kutolipa, na kuwazuia wote walio katika nchi asikopeleka mizigo.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalowagusa Waswahili wengi. Samaki mmoja akioza, huoza wote, na muuzaji aliyeko Ohio au Leeds aliyetapeliwa mara moja na mtu aliyejidai kuwa katika mji fulani wa Afrika hufunga bara zima kwa kubonyeza mara moja. Fundi wa Mombasa anayetafuta kipuri cha redio ya zamani, au mkusanyaji stempu wa Muscat, hukuta dau lake limekataliwa kabla hajasema neno. Kwa muuzaji ni dakika moja ya kazi na usingizi mtulivu. Kwa hesabu ya biashara, ni wanunuzi wa kweli wangapi amewafukuza? Hatajua, kwa sababu waliozuiwa hawaachi alama yoyote.

Wengi huzunguka kikwazo hicho kwa kutumia anwani ya ndugu aliyeko London au Dubai. Njia hiyo ni halali, lakini huharibika pale mnunuzi anapolipa kwanza, kisha akaandika: "Tafadhali nitumie Tanga badala ya London." Ombi hilo, hata likitoka kwa mtu mwema, ndilo lile lile linaloletwa na matapeli wenye kadi za wizi. Ulinzi wa muuzaji huhusu anwani iliyomo katika oda peke yake. Akituma kwingine, mzigo ukipotea ni wake. Muuzaji anayejua kazi yake hujibu kwa adabu kwamba anafuta mauzo na kumrudishia mteja fedha zake, ili anunue tena akiwa ameandika anwani sahihi. Mnunuzi wa kweli huudhika kidogo, akafanya hivyo. Tapeli hapatikani tena.

Kwa wauzaji wa Marekani kuna pia utaratibu wa eBay wa kusafirisha nje, ulioanza mwaka 2022 badala ya mpango wa awali. Muuzaji hutuma mzigo hadi ghala lililoko humo humo nchini, na kutoka hapo tovuti yenyewe hubeba dhamana ya safari. Sababu ya kuzifunga nchi za mbali imepungua kwa kiasi hicho, ingawa si kila muuzaji amebadili mipangilio aliyoiweka miaka mingi iliyopita, na wengine hawakumbuki hata kwamba waliiweka.

Kuna kipengele kimoja kinachotumiwa na wachache. Muuzaji aliyefunga milango yake anaweza kuandika orodha ya majina yasiyohusika na masharti yake ya kuzuia. Mnunuzi mgeni, asiye na alama hata moja, anaweza kumwandikia kabla ya mnada kufungwa, akajitambulisha, akauliza jambo moja au mawili yanayoonyesha kwamba ameyasoma maelezo ya bidhaa, na akataja atakavyolipa na mzigo uende wapi. Muuzaji akiridhika huliingiza jina hilo katika orodha, na mgeni huyo anaweza kuweka dau lake kama mzabuni mwingine yeyote.